Mwanafunzi Asiyetakiwa Siku ya Ukaguzi

Kwa miaka tisa Mwalimu Pyo Geum-hui alifundisha Kiingereza katika kituo cha wazee, kwenye mji mmoja wa vitunguu saumu katika jimbo la Gyeongsang Kaskazini, Korea. Wanafunzi wake walikuwa akina mama na bibi kumi na watatu. Hakuwafundisha nyimbo wala salamu za uwanja wa ndege. Aliwafundisha vitenzi, hasa vile vinavyowachanganya watu, na alivifundisha kwa uchungu wa mtu aliyewahi kuaibishwa navyo.

Alipokuwa shule alikaririshwa vitenzi mia tatu kwa orodha: kushoto Kiingereza, kulia Kikorea, kila neno na mwenzake mmoja. Aliyekosea alichapwa viganjani. Miaka michache baadaye, akiwa karani wa benki mjini Daegu, mteja mgeni alimwomba amsikilize. Yeye akajibu kwa Kiingereza fasaha kwamba amemsikia, akaendelea kupanga karatasi zake. Mgeni alipandwa na hasira, akaenda kumshtaki kwa meneja. Kwa Wakorea kusikia na kusikiliza ni neno moja, na orodha haikuwa imemwambia kwamba Kiingereza kina mawili. Aliapa kwamba mtu akifundishwa naye hataachiwa orodha mkononi.

Basi darasani kwake vitenzi vilitendwa. Mwavuli uliazimwa na kuazimishwa mpaka mbavu zake zikalegea. Koti lilivaliwa, likavuliwa, likavaliwa tena, ili waone tofauti ya kulitia mwilini na kuwa nalo mwilini.

Mwezi wa nane mkurugenzi wa kituo, Bwana Tak Sang-pil, aliingia na karatasi.

"Mwalimu, maofisa wa wilaya wanakuja tarehe kumi na nane kukagua. Nimepanga maswali. Kila swali na mwenye kulijibu."

Jambo hilo halikumshangaza. Somo la wageni hufanyiwa mazoezi kama harusi. Ndivyo shule zote zilivyofanya tangu yeye mtoto. Akaikubali karatasi.

"Na Bibi Ma apumzike siku hiyo," Tak akaongeza.

"Apumzike kwa ugonjwa gani?"

"Mwalimu naye. Unajua mwenyewe. Ukimuuliza habari za sikio, anakujibu habari za jicho. Tena anavyopaza sauti, wageni watadhani tumefungua soko."

"Ni mwanafunzi wangu."

"Ni siku moja tu. Darasa likipata alama mbaya, mwakani wanalifunga, na wote kumi na watatu wanabaki nje. Chagua."

Bibi Ma Bun-rye alikuwa na miaka sabini na sita. Mjukuu wake, Jena, alizaliwa Kanada na hakujua Kikorea. Chuseok iliyopita, familia ilipokusanyika kwa sikukuu ya mavuno, mtoto alimsimulia bibi yake habari ndefu kwa Kiingereza mezani, naye bibi, asielewe neno, akawa anamsogezea vipande vya peasi. Wiki iliyofuata alikuja kituoni kujiandikisha. Chuseok hii mtoto alikuwa anarudi.

Jioni Mwalimu Pyo alimfuata Bibi Ma nyumbani, akamkuta uani anamenya vitunguu saumu.

"Usijisumbue, Mwalimu," Bibi Ma alisema kabla hajaulizwa. "Mkurugenzi amenipigia simu. Kanisemesha kwa adabu sana. Eti nikikaa nyumbani nitakuwa nimewasaidia wenzangu."

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Nikamshukuru. Ningesemaje?"

Adabu ile ilimchoma Mwalimu Pyo kuliko tusi. Kumfukuza mtu, kisha kumfanya ashukuru! Alitaka kumwambia, "Njoo, na liwe liwalo." Lakini akawakumbuka wale kumi na wawili, akaaga. Alirudi kwake akiwa amemkasirikia Tak, na amejikasirikia mwenyewe zaidi.

Siku ilipofika, maofisa wawili, mwanamume na mwanamke, walivua viatu, wakavaa ndara za kituo, wakaketi nyuma. Swali la kwanza likajibiwa, la pili likajibiwa. Ndipo Tak akanong'ona kutoka mlangoni kwamba wageni wana haraka, waruke mpaka la tano.

Mwalimu akauliza swali la tano. Akasimama Mama Gil-su, mstaafu wa posta, mwenye swali la tatu, akatoa jibu la tatu bila kigugumizi. Mwalimu akauliza la sita. Mwenye la nne akainuka, akatoa jibu la nne. Wakafuatana hivyo, kila mmoja akijibu swali la zamu yake badala ya lililoulizwa, kwa sauti nzuri, mgongo umenyooka.

Maofisa wakapiga makofi. "Matamshi safi sana," alisema yule mwanamume, akaandika.

Mwalimu Pyo akaweka chaki chini.

"Samahani, waheshimiwa. Majibu mliyoyapigia makofi hayahusiani na maswali."

Tak akacheka. "Mwalimu wetu anapenda utani."

"Sina utani. Tumewakaririsha, na mimi nilikubali. Aibu ni yangu. Lakini darasa hili lina watu kumi na watatu. Hesabuni. Mmoja ameambiwa akae nyumbani kwa sababu hukosea. Sasa asiyekosea anakuja kwangu kutafuta nini?"

Mama Gil-su akajikohoza.

"Ni kweli," alisema. "Mimi hata sikujua naulizwa nini. Nilijua tu zamu yangu imefika."

Mwenzake akacheka nyuma ya kiganja, wengine wakafuata. Yule ofisa mwanamke akauliza jina la Bibi Ma, akaliandika.

Barua ya wilaya ilikuja baada ya siku nne. Darasa lisifungwe, na mwanafunzi asizuiwe kuhudhuria siku yoyote. Chini yake, ikinukuu maelezo ya mkurugenzi, iliandikwa kwamba mwalimu hana moyo wa ushirikiano na mkataba wake uishie Desemba. Miaka tisa ya kazi, na aliyewadanganya wageni ndiye aliyebaki kuwa mshauri wao.

Jumanne Bibi Ma alisimama mlangoni, begi kifuani.

"Nasikia unafukuzwa kwa ajili yangu."

"Nafukuzwa kwa ajili ya Tak. Kaa mbele."

"Lakini, Mwalimu..."

"Kaa, Bibi. Mama Gil-su, nenda koridoni na kifuniko cha sufuria."

Kifuniko kikaanguka kwa kishindo.

"Sauti hiyo uliitafuta?" Mwalimu akauliza.

"Niitafute ya nini? Imenijia tu."

"Basi hiyo ni *hear*. Sasa tega sikio. Mama Gil-su ananong'ona nini?"

Bibi Ma akainama, mdomo wazi, pumzi ameizuia. "Ananisengenya."

"Hiyo ni *listen*. Haya, niambie zote mbili."

Bibi Ma akazigeuza, hii mahali pa ile. Akazigeuza tena. Mara ya tatu akapatia moja, akaipoteza nyingine. Mara ya nne akazipata zote mbili, akawageukia wenzake kana kwamba yaliyosemwa yametoka kwao.

Mwalimu Pyo hakumsifu. Alimtuma Mama Gil-su arudi koridoni na kifuniko chake, maana kabla ya Chuseok zilikuwa zimebaki wiki tano tu.