Aprikoti ya Pembeni

Natália Furtado hajawahi kuyapenda maghorofa yaliyosimama pale palipokuwa na shamba la miaprikoti, bondeni Santa Clara, California, na kwa umri wake haoni sababu ya kuficha. Kisu alikijulia palepale. Kila kiangazi yeye na mama yake walisimama bandani wakipasua matunda, wakitoa kokwa na kuyaanika juani, vidole vikinata hadi jioni.

Mkono huo wa kisu ndio uliompatia kazi kwenye kampuni ya chipu za elektroniki. Siku hizo mchoro wa chipu ulikatwa kwa mkono, kwenye nailoni nyekundu pana kama meza ya chakula, kisha ukapigwa picha na kupunguzwa mpaka ukatoshea ncha ya kidole. Natália alikata michoro ya watu, na kila mwenye mchoro alichoshwa na maswali yake. Jioni akasoma chuo. Hatimaye bosi wao, Verne Hostetler, akampa chipu ya kubuni mwenyewe: kikuza sauti cha kifaa cha sikioni. Aliitaka kwa moyo wote, maana mitambo ya kiwanda cha matunda ya makopo ilikuwa imemharibia baba yake masikio.

"Pembe ya chini uiache tupu," Verne alimwambia.

Kila mbunifu pale alikuwa na alama yake, huyu samaki, yule kofia, aliyoificha pembeni mwa chipu. Ila haikutiwa mpaka chipu ifanye kazi.

"Na isipofanya?"

"Unarudi kwenye kisu chako, Furtado. Kahawa nitaendelea kukununulia."

Chipu za kwanza ziliporudi, Natália aligusisha ncha ya kipimo cha umeme kwenye mojawapo. Mstari ukatulia kwenye kioo cha kipimo. Akamwita Verne mbio. Verne akaiunga chipu na spika ndogo, akaondoa ncha. Ikapiga mluzi hadi watu wakageuka. Akairudisha ncha, kimya.

"Mtoto wako huyu," Verne akasema, "anatulia akishikwa tu."

Natália aliona aibu. Akautazama ule waya wa kipimo. Kumbe wenyewe ulikuwa ukihifadhi umeme kidogo, nao ndio ulioituliza chipu.

"Basi nitamwekea mkono wa kumshika humohumo ndani."

Akakata kwenye mchoro kipande cha ziada cha kuhifadhi umeme. Safari ya pili chipu ilitulia bila kushikwa. Verne alimsogezea nailoni nyekundu, akamwonyesha pembe ya chini. Natália akakata aprikoti na jani lake moja.

Baba alikivaa kifaa jikoni, mama akiosha vyombo huku anaimba.

"Miaka yote hii anaimba hivi?" akamuuliza binti yake.

"Hivihivi, baba."

"Kumbe nilikuwa nimestarehe."

Mama akamrushia kitambaa cha vyombo. Baba akakidaka, akamwomba aanze wimbo upya.

Wazazi wake wote wawili wameshafariki. Chipu ile Natália aliitoa kwenye kifaa cha baba, na siku akizidiwa na ukiwa huiweka chini ya darubini. Aprikoti ipo, na jani lake. Katika shamba lote lile, amebaki na hiyo moja.