Hogo Moja, Fimbo Mbili

Mwezi wa nane ulipokuwa unaishia, mmoja wa mapacha wangu aliruka kutoka kwenye mtumbwi uliopandishwa mchangani pale Katonga, akavunjika mguu. Mtumbwi wenyewe haunifiki hata kiunoni. Nimeshuhudia watoto wakianguka kutoka juu ya mti wakainuka, wakajikung'uta, wakaendelea na mchezo. Huyu wangu karuka kimo cha kuku, mfupa ukaenda. Nilimfokea njia nzima mpaka hospitali huku nalia, na yeye mwenye mguu ndiye akawa ananibembeleza mimi.

Wako wawili, wasichana, wote darasa la nne. Nyumbani tunawaita mkubwa na mdogo, ingawa wamepishana robo saa tu, na mkubwa hajawahi kumwacha mwenzake aisahau hiyo robo saa. Aliyeruka ni mkubwa. Mdogo husimama kwanza, akaangalia maji yalivyo, ndipo akaingia. Tangu waanze shule hawajawahi kukaa madawati tofauti.

Daktari akamfunga hogo, lile gamba jeupe gumu, kuanzia kwenye vidole hadi juu ya goti, akasema wiki sita. Shule yao iko mbali na kwetu Ujiji hapa, tena njia ina kilima. Nikaita bodaboda. Dereva akautazama ule mguu ulionyooka kama mpini wa jembe, akasema, "Dada, huu ukigonga nguzo mimi nitajibu nini?" Akawasha pikipiki yake, akaenda zake.

Basi nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikiwa na mdogo pembeni ameshika kanga yangu. Mwalimu mkuu ni mama mtu mzima, hana haraka ya kuongea, na mimi watu wasio na haraka hunitia wasiwasi. Akasema pole, akauliza mfupa umevunjika wapi, kisha akasema, "Mama Mapacha, upimaji wa darasa la nne uko mbele yetu. Mtoto akose wiki sita, halafu aje kufanya nini? Bora apumzike, mwakani arudie."

"Nitamfundisha mwenyewe," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kilicholiwa na mende pembeni, na cherehani. Hivyo tu. Lakini mdomo ulishatangulia. Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Haya. Hogo likitoka mlete. Nitampa mtihani mimi mwenyewe, hapa ofisini. Akifaulu, anaendelea na wenzake. Asipofaulu, anarudia, na tusije tukalaumiana." Nilipogeuka kuondoka, mdogo alikuwa bado amesimama vilevile, anamtazama mwalimu.

Nikaanza kwa kishindo. Nilikata boksi, nikaandika ratiba kwa kalamu nene: saa mbili Hisabati, saa tatu Kiswahili, saa nne uji, na kadhalika mpaka saa nane. Kengele ilikuwa mwiko na sufuria. Redio ilipigwa marufuku mchana, simu yangu nikaifungia kabatini, na nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo nyumba hii inaishi kwa mpango, tunakula pamoja, tunaongea mezani, kila mtu anajua anachofanya na kwa nini. Mume wangu akaisoma ratiba kutoka juu mpaka chini, akauliza, "Na mimi nimewekwa saa ngapi?"

Ratiba ilikufa siku ya kwanza kabla ya uji. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule barazani, na wateja hawajui saa mbili ni Hisabati. Mmoja anataka sketi ipanuliwe, mwingine anataka marinda yaongezwe, na mwanangu amelala mkekani mguu umewekwa juu ya mto, ananiuliza robo tatu ni nini. Nikapandwa na hasira. Nikamrushia futi ya kupimia, nikamwambia, "Pima kitambaa hicho, utaiona robo tatu."

Akaiona. Hapo ndipo shule yangu ilipoanza kweli. Kuanzia siku hiyo hesabu zote zilipita juu ya meza ya kukatia. Nikamuuliza, kitambaa mita tatu, sketi moja inakula robo tatu ya mita, zitatoka sketi ngapi? Akapima, akakunja, akasema nne, na hakibaki kitu. Kisha akanitazama. "Mama, mbona wewe huwa kinabaki?" Mwenye kitambaa alikuwa amekaa hapohapo kwenye benchi. Sijui kwa nini Mungu anawapa watoto macho.

Baba yao anafanya kazi kwenye mitumbwi ya dagaa, inayotoka na taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi inapumzika na wanaume wanakaa nyumbani kushona nyavu na kuwasumbua wake zao. Nikasema vizuri, nimepata mwalimu wa Sayansi. Kwenye boksi langu nikafuta siku za wiki, nikachora mwezi: ukiwa mwembamba nafundisha mimi, ukiwa mnene anafundisha baba. Watu wa shule watanicheka, lakini ratiba hiyo haikukosa hata siku moja.

Alikuwa akimbeba mgongoni mpaka ufukweni, hogo limetokeza mbele kama bunduki, wanapishana na watu wakiwacheka. Alimfundisha upepo, mawimbi, kwa nini taa inavuta samaki. Siku moja walirudi wamenuniana. Baba alisema ng'ambo ya ziwa kuna milima ya Kongo. Mtoto akasema haioni. Na kweli, mwezi wa tisa hewa ya kwetu inajaa moshi wa mashamba na vumbi la kiangazi, ukitazama magharibi unaona weupe mtupu. "Amekataa kuandika," baba akanishtakia. "Anasema mpaka aione."

Wiki ya pili akaja mama mkwe wangu kutoka Kalinzi, na mkungu wa ndizi na mfuko wa maharage, kuja kunisaidia. Nampenda. Niseme hivyo kwanza. Lakini yeye ana sheria ya mapacha aliyoachiwa na mama yake, nayo haina rufaa: akipewa mmoja, na mwenzake apewe, kilekile, kwa kiasi kilekile, la sivyo mmoja atanyong'onyea. Tangu wazaliwe tunagawa hivyo. Samaki mmoja, mgebuka, anakatwa katikati, kanga moja inakatwa katikati. Hata nikimfokea mmoja, inabidi nimtafutie na mwenzake kosa.

Basi bibi alipofika akamkuta mkubwa ana fimbo ya kutembelea, mdogo hana. Akachukua panga, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na fimbo ya pili, ndefu sawasawa na ile, akamkabidhi mdogo.

"Mama, huyu ni mzima," nikasema.

"Ndiyo," akasema bibi. "Na apate."

Mdogo akaenda shule na fimbo. Siku ya tatu akaanza kuchechemea. Mwalimu mkuu akaichukua fimbo ile, akanitumia salamu kwa mdomo wa mtoto kwamba shule si hospitali. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikarudi kwenye cherehani yangu, wala sikufikiri zaidi ya hapo.

Jioni ndiyo ilikuwa saa niliyoipenda. Mdogo anarudi, anavua viatu, anakula ugali wake wa muhogo na maharage ya mawese, kisha anakaa mkekani karibu na hogo na kuanza kumsimulia mwenzake walichosoma. Kila kitu kilikuwa kichwani. Mwalimu alisema hivi, akachora hivi, huyu akajibu hivi akakosea. Anamchorea kwa mkaa kwenye sakafu. Anamuuliza, "Umeelewa?" Akisema hajaelewa, anaanza upya, pole kwa pole. Mimi ningekuwa nimeshatupa futi.

"Daftari lako liko wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Mwalimu anasahihisha."

Nikaridhika. Wiki nyingine nikamuuliza tena, akajibu vilevile, nikaridhika tena. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kuokoa, na huyo macho yangu hayakumtoka. Nilihesabu wiki za hogo usiku na mchana, nilimuota mwalimu mkuu na miwani yake. Nikiamka nasema moyoni, huyu akirudia darasa nitakuwa nimemtenganisha na mwenzake mimi na mdomo wangu.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwanzoni mwa mwezi wa kumi, mchana kweupe. Ilinyesha kidogo tu, ya kulaza vumbi. Baba akaingia mbio, akambeba mkubwa hata bila kuaga. Walirudi wamelowa wote wawili, mtoto anataka daftari. Aliandika: Ng'ambo ya ziwa kuna milima ya Kongo. Chini yake akaongeza: Nimeiona. Siku mbili baadaye hogo likakatwa, mguu ukatoka mwembamba na mweupe-mweupe, bibi akaupaka mawese akiusemesha kwa Kiha.

Tukaenda shule. Nilivaa gauni langu la harusi za watu. Mkubwa akaingizwa ofisini na karatasi, mimi nikakaa nje kwenye benchi, na jasho likanitoka utadhani mtihani ni wangu. Nadhani ulikuwa wangu. Ilipita saa nzima na zaidi. Mwalimu mkuu akanifungulia mlango.

"Amefaulu," akasema. "Hisabati amekosa swali moja. Sehemu anazijua kuliko wengi humu. Umemfundishaje?"

Nilitaka kujibu kwa unyenyekevu, nikashindwa. Nikamweleza habari za futi, za mita tatu, za ratiba ya mwezi, mikono yote juu. Mwalimu mkuu akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta droo, akatoa madaftari manne, akayaweka mbele yangu. "Sasa tuongee habari za huyu mwingine."

Yalikuwa ya mdogo. Nikafungua la kwanza. Tarehe imeandikwa, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula, maswali yamenakiliwa kwa mwandiko mzuri, moja mpaka kumi. Majibu hayapo. Nikafunua ukurasa mwingine, vivyo hivyo. Daftari la pili, la tatu. Tangu juma lile hogo lilipofungwa, mwanangu hakuandika hata jibu moja.

"Nimekuandikia barua mbili uje," mwalimu mkuu akasema. "Nilimpa yeye akuletee."

Damu ilinipanda kichwani. Mdogo akaitwa kutoka darasani. Akaingia, akasema shikamoo, akaona madaftari, akainamisha kichwa. Nilishafungua mdomo wangu, mwalimu mkuu akaniinulia kiganja.

"Robo tatu ya kumi na mbili ni ngapi?" akamuuliza.

"Tisa."

Akamuuliza lingine, na lingine. Mtoto akajibu yote, taratibu, akiangalia sakafu.

"Kumbe unajua. Mbona huandiki?"

Nje watoto walikuwa wanaimba jedwali la saba. Mkubwa alikuwa ameegemea fimbo yake pembeni ya kabati, naye anamtazama.

"Nilikuwa namsubiri," mdogo akasema.

"Nani?"

"Yeye. Ulisema akikosa, anarudia. Mimi ningeandika, ningevuka, yeye angebaki." Akavuta pumzi. "Nikasema ngoja kwanza."

Halafu mkubwa akasema, "Ndiyo maana kila siku ulikuwa unaniuliza nimeelewa?" na mdogo akaitikia kwa kichwa.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Wiki sita nimejiita mwalimu, nimejisifu kwa wateja, na darasa lililomvusha mwanangu lilikuwa lile la jioni, la mkaa sakafuni. Mwalimu wake alikuwa na miaka kumi, na kila asubuhi alikwenda shule kuacha mistari mitupu kwa makusudi, ili akibaki mmoja wabaki wote. Wala sikumuona. Nililia palepale na gauni langu la harusi za watu, na katikati ya kulia nikajikuta nacheka, maana nilimsikia mama mkwe wangu: na apate.

Mwalimu mkuu akampa karatasi ileile na kalamu. "Mwenzako amefika," akamwambia. "Sasa andika." Mdogo akaketi kwenye kiti cha mkubwa, akaandika majibu yote bila kuinua kichwa, kabla kengele ya mapumziko haijalia. Alikosa swali moja. Lilelile.

Tulipokuwa tunaondoka, mwalimu mkuu akafungua kabati, akatoa ile fimbo ya pili, akamrudishia mwenyewe. Njiani mkubwa alikuwa anatembea polepole kwa mguu wake mwembamba, na mdogo pembeni yake, polepole vilevile, kila mmoja na fimbo yake. Nilikuwa na sketi saba za kumaliza siku ile, na kwa kawaida ningewaambia wakaze mwendo. Nikanyamaza, nikawafuata nyuma kwa mwendo wao mpaka nyumbani.