Mlango wa Nyuma, Kushoto

Juzi, mwenzangu, kijana wa jirani hapa Bofu alimaliza kulisugua gari lake polishi, akachutama, akausogeza uso hadi mlangoni, akautazama mlango kwa upande. Alikuwa akitafuta mikwaruzo iliyosalia. "Nyanya, hebu njoo unitazamie kama pana doa," akaniita. Nikamwambia macho yangu hayaoni tena, nikaingia ndani.

Zamani za vita baba alikuwa dereva wa mzungu mmoja huku Likoni, nasi tukikaa vyumba vya uani. Kila Jumamosi asubuhi motokaa nyeusi ilipakwa nta na kusuguliwa, hata mihogo ya mama ikanukia nta. Kisha ikaja kazi yangu, kukagua. Baba alisema macho yake yamechoka, yangu ni ya mwewe. Alinifundisha nichutame jua likingali chini, nipulize pumzi kwenye rangi, nipitishe vidole polepole. Nikiona doa naita, naye aja na kitambaa. Jamani, nilivyojiona!

Ila mlango wa nyuma, kushoto, aliukagua mwenyewe. Sikuuliza. Enzi zile mtoto hamhoji mzazi.

Kaka yangu alikuwa amekwenda jeshini, Burma, nikiwa mdogo hata sura yake siikumbuki. Vita vikaisha, wenzake wakarudi na makoti yao mazito. Yeye ikaja barua. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Baba alikwenda kuosha motokaa.

Jumamosi moja baba akashikwa na homa. Nikasema leo nitamfurahisha. Nikasugua kote, nikakagua kote, hata mlango ule. Chini ya dirisha, ndani ya rangi, palikuwa na vishimo vinne vimepangana. Nikadhani baba hakuviona kwa uchovu wa macho. Nikachukua msasa laini, nikasugua, nikapaka nta, nikasugua tena mpaka mkono ukafa ganzi. Vikatoka vyote.

Baba akaja na blanketi begani, akachutama. Akapitisha vidole vyake vinne pale, akarudia, akarudia.

"Palikuwa na doa, baba. Nimelitoa."

"Umeona vizuri, mwanangu," akajibu, akarudi kulala.

Mama ndiye aliyenieleza, akipara samaki, bila kunitazama. Siku ya kuondoka kaka alikuja kuaga, akauegemea mlango ule kwa vidole, rangi ikiwa bado mbichi. Baba alimfokea sana, akasema ikikauka ataisawazisha. Hakuisawazisha.

Maisha yake yote baba hakunigombeza kwa hilo. Laiti angenigombeza! Uani pale pamebomolewa, motokaa iliuzwa sijui wapi. Picha ya kaka hatukuwa nayo, na kaburi lake hakuna wa kunionyesha.

Yule kijana nilimdanganya. Macho yangu ni mazima. Kila nikipita penye gari jeusi, la nani sijui, nautazama mlango wa nyuma, kushoto, chini ya dirisha.