Jani la Isale Kwenye Foleni ya Vitabu

Mimi si mtu wa foleni. Hata benki naenda katikati ya mwezi, wakati watu hawana kitu cha kufuata kule. Kwa hiyo mama aliponipigia simu kutoka kijijini, mlimani juu ya mji wa Kwa Sadala, akitaka nimpeleke Moshi mjini akasainiwe kitabu, nilidhani sijamsikia vizuri. Mwandishi wa kitabu chenyewe alikuwa mtangazaji mstaafu wa redio, mwanamke ambaye nchi nzima inaijua sauti yake, na ni mzaliwa wa kijiji kile kile cha mama. Tangu nipate akili, kila sauti ile ilipoanza kusoma habari, mama aliinuka akazima redio. Baba alilalamika mpaka akachoka. Sisi watoto tulikua tukiamini kwamba wana ugomvi wa mpaka wa shamba.

"Mama, wewe na yule mnapatana tangu lini?" nilimuuliza.

"Wewe njoo na gari," alisema, akakata simu.

Tulipofika, watu walikuwa wamejaa ukumbini mpaka barazani. Walikuwapo walimu wastaafu ndani ya suti za harusi za watoto wao, wafanyabiashara wa Kihindi na wake zao, wanachuo walioinua simu juu, na akina mama wa usharika waliovaa vitenge vya sare kana kwamba wamekuja kuimba. Mtangazaji aliketi mbele kabisa, kichwa chake cheupe kikionekana na kupotea kati ya mabega ya watu. Binti mmoja mwenye fulana ya waandaaji alipita akigawa vikaratasi vya njano. Unaandika jina lako, alieleza, ukifika mezani huanzi mazungumzo, unasainiwa, unapisha mwenzako. Nikaandika jina la mama. Mama alikichukua kile kikaratasi, akakikunja, akakitia kwenye pochi.

"Sikuja kwa ajili ya jina," alisema.

Mimi nilikuwa na vita vyangu. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama alikuwa amejipenyeza mbele yetu akijifanya anamtafuta mwenzake, nami nikampa maneno yake. Alikuwa anajiandaa kunijibu nilipomwona mama akifungua kitenge alichokibeba kwapani, akatoa jani moja la isale.

Mlimani kwetu isale huoteshwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na mtu hupita kando yake kila siku bila kuligeukia. Lakini jani lake likishachumwa na kushikwa mkononi lina kazi moja tu, nayo ni kuomba msamaha. Anayeletewa isale hawezi kukataa. Hata awe ameapa kukuzika, akiliona jani anapaswa kulipokea. Kwa sababu hiyo halichumwi hovyo, na mimi sikuwahi kumwona mama amelishika.

"Hilo la nani?" niliuliza.

"Lake."

Akanieleza pale pale, kwa kunong'ona, tukisogea hatua moja moja. Walikuwa wasichana wawili wa darasa moja la kipaimara, wakienda mafundisho pamoja, wakirudi pamoja. Wiki chache kabla ya siku yenyewe kulikuwa na harusi ya jirani, na mama akanywa pombe ya mbege mpaka akalala kwenye majani ya ng'ombe. Habari zilimfikia mwinjilisti kwamba kuna msichana wa kipaimara aliyelewa. Alipomwita mama kumhoji, mama akaogopa, akasema ni mwenzake. Mwenzake akafutwa kwenye orodha ya kipaimara. Gauni lake jeupe lilikuwa limeshashonwa. Baba yake, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alishindwa kuvumilia aibu ile, akampeleka binti kwa shangazi yake Dar es Salaam. Hakurudi kukaa tena.

Nilimkasirikia mama, nasema ukweli. Huyu ndiye aliyenichapa fimbo ya mti wa kahawa kwa uongo wa kijiko cha sukari. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilitaka kumwambia hivyo hivyo, ila nilimwona akilipangusa jani kwa ncha ya kitenge, na hasira ikanipungua. Miaka sitini mtu unabeba kitu kama hicho, unapika, unalea, unaimba kwaya, na kila jioni redio inakukumbusha.

Mzee wa kofia alikuwa amegeuka ili anijibu. Akaliona jani. Alivua kofia, akasogea pembeni, akamgusa aliyekuwa mbele yake begani. "Mpisheni mama," alisema. Yule naye akageuka, akaona, akapisha. Watu waliokuwa wakisukumana kwa viwiko tangu asubuhi walifungua njia mpaka mezani, na hakuna aliyeuliza jani lile linakwenda kwa nani.

Binti wa fulana alitaka kutuzuia. Mtangazaji aliinua macho, na nadhani aliliona isale kabla ya kuiona sura ya mama. Akaweka kalamu chini.

"Mbege ile nilikunywa mimi," mama alisema kwa Kichagga. "Nikakusema wewe. Nimekuja kuomba msamaha."

Mtangazaji alilipokea jani kwa mikono miwili. Akalilaza mezani, kando ya kalamu. Nilisubiri aseme yameisha, kama ilivyo desturi. Aliposema, alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya habari, ila chini.

"Mama yangu alikufa akijua kwamba nilikuwa mlevi."

Yule mtangazaji alikivuta kitabu nilichokuwa nimekishika, akaandika ndani bila kudai kikaratasi. Baadaye niliona ameandika jina la utotoni la mama, ambalo mimi mwanawe sikuwahi kulisikia.

"Jumamosi nitakuwa nyumbani," alisema. "Njoo umwambie yeye."

Jumamosi nilimpeleka mama nyumbani kwao mtangazaji. Kaburi la mama yake lipo nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, limesakafiwa kwa saruji, na mtu alikuwa amelifagia. Tulikuwa watatu tu. Mama aliegemea fimbo yake, akainama, akaanza kusema kwa sauti ndogo kama mtu anayesali peke yake. Alitaja harusi, akamtaja mwinjilisti, akakiri uongo wake. Mtangazaji alisimama mbali kidogo, mikono kifuani, uso ameukunja. Niliogopa kwamba tumekuja kutonesha kidonda.

Kisha akatembea mpaka alipo mama, akamshika kiwiko.

"Anza upya, na useme kwa nguvu," alimwambia. "Mama yangu alikuwa na masikio mazito."

Mama akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, akaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti ya mtu anayemwita jirani aliye ng'ambo ya korongo.