Santuri ya Mwalimu na Kondoo Wangu

Mwaka wa 1968, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba alikufa na mimi nikaachana na shule. Shule yenyewe haikuonekana kuhuzunika. Nilikuwa darasa la tatu, na kimo changu kilikuwa kinamtisha mwalimu. Nikabeba ndizi huko Mitunguu mpaka mgongo ukakataa, kisha Mwislamu mmoja mwenye duka mjini Meru akaniajiri. Aliuza blanketi, tochi na santuri. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na gramafoni, nipige jazi wapita njia wasimame. Siku hizo bendi yoyote yenye magitaa matatu na tarumbeta ilijiita jazi, na hakuna aliyeishtaki.

Nilikaa pale mlangoni miaka minane, na ndipo nilipojua mwimbaji mzuri ni nani. Mama mwenye gunia la viazi mgongoni akisimama, asilitue, asikilize wimbo mpaka mwisho, basi huyo ni mwimbaji. Mama akiendelea na safari yake, huyo ni mtu anayepiga kelele karibu na gitaa. Sikuhitaji cheti kujua hilo.

Baadaye nikaanza biashara yangu mwenyewe ya kupeleka ndizi soko la Embu. Hapo sokoni kulikuwa na fundi wa cherehani, msichana kutoka Kanja. Nilimpelekea suruali zangu azishone, hata zile ambazo hazikuwa zimeraruka. Alipochoka kutafuta matundu yasiyokuwepo akaniambia, "Kama unanitaka, mpitie kaka yangu. Baba hayupo, yeye ndiye atasema ndiyo au hapana. Na kaka hapendi mtu asiyejua muziki."

Nikacheka moyoni. Muziki!

Huyo kaka alikuwa mwalimu na alikaa na dada yake mtaa wa Dallas hapo Embu, kwa watu wenye taa za stima. Kila Jumapili baada ya kanisa waheshimiwa wenzake walimjia na santuri kwapani. Kila mmoja alipiga ile aipendayo, kisha wakabishana ni nani mwimbaji bora, kwa maneno makubwa ambayo waimbaji wenyewe wangeyakimbia. Mashine ilikuwa ya Mwalimu, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Sheria yake ilikuwa moja: santuri ndogo izunguke haraka, kubwa izunguke polepole.

Jumapili niliyokaribishwa, alitoa santuri moja kubwa iliyotoka Kongo, akaipangusa kwa leso kama anampangusa mtoto mchanga. Sauti ikatoka nzito, ya kujikokota, kama fahali anayesali.

"Sikieni kifua hicho," akasema Mwalimu. "Huyu Mzee ana miaka sitini kwenda juu. Amezika watoto."

"Amezika hata mke," akasema karani wa korti, macho yamejaa machozi.

"Mwaka mzima tunamsikiliza na bado hatujamaliza kumwelewa," akaongeza mgeni mwingine.

Kumwelewa! Hakuna hata mmoja wao aliyejua neno moja la lugha ile.

"Na wewe, mtu wa Mitunguu?" Mwalimu akanigeukia. "Ama kwenu mnajua tu mlio wa panga?"

Msichana alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Akanitikisia kichwa polepole: usiseme. Nilimwona vizuri sana. Lakini nilikuwa nimesikia ngoma, na hakuna mpiga ngoma duniani anayepiga akiwa usingizini.

"Mwalimu, hii santuri haiendi mwendo wake."

"Ni kubwa, bwana. Kubwa huenda polepole."

"Kubwa ndiyo, lakini ni ya kukimbia. Dukani tulikuwa nazo. Namba imeandikwa hapo katikati."

"Wa darasa la tatu ndiye atanisomea namba?"

Nikainuka, nikasukuma kile kiswichi mwenyewe.

Ndani ya santuri akatoka msichana mwingine. Hakuwa na hata miaka ishirini, anaimba mbio mbio na kucheka katikati ya wimbo. Huyo hakuwa amezika hata kuku.

"Mwalimu," karani akasema, "Mzee wetu amepona!" Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye tai.

Mwalimu hakucheka. Alizima mashine, akaniambia dada yake hataolewa na mtu wa kuchezea vitu vya wenyewe. Nikatolewa nje kabla sijamaliza chai.

Msichana akanifuata mpaka langoni. "Si nilikutikisia kichwa?"

"Nilikuona."

"Mimi nimejua tangu mwaka jana. Akienda shuleni naisikiliza vile inatakiwa. Sasa wewe mjuaji, utanioa kwa nani?"

Miezi mitano nilikuwa mjuaji asiye na mke. Mwishowe wazee wa kwetu wakaenda Kanja na pombe ya asali kuniombea msamaha, na wazee wa kwao wakanikata faini ya kondoo dume mmoja, mnono.

"Kwani nilidanganya?" nikauliza.

"Hapana, kijana," akasema ami yake msichana. "Ulisema kweli. Kondoo ni wa kuisema mbele ya wageni wa Mwalimu, ndani ya nyumba yake."

Nimelipia vitu vingi maishani, lakini kuwa sahihi ndicho kilichonikera zaidi. Kondoo akachinjwa. Mwalimu akachukua paja, akatafuna bila haraka, kisha akanitazama mbele ya wazee wote.

"Hata hivyo, yule Mzee aliimba kuliko huyo msichana wako wa mbio."

Kila mtu akaacha kutafuna. Msichana alikuwa upande wa akina mama, na safari hii hakutikisa kichwa. Aliniangalia tu. Nikawakumbuka mama wote wa viazi waliosimama mlangoni mwa lile duka, nikameza nyama.

"Aliimba, shemeji," nikasema. "Hakuna kama yeye."

Mwalimu akawaambia wazee waendelee kuhesabu mbuzi wa mahari.

Leo nina ekari tatu za ndizi Mitunguu, zenye maji ya mfereji. Ng'ombe wanne wa maziwa. Pikapu moja. Nyumba ya mawe ya vyumba vitano, na vyumba sita vya kupangisha Embu. Santuri mia mbili na kumi. Mke, yule wa Kanja. Meno kumi na tisa.