Bunda Lisilo na Uzi

Siku mfanyakazi mpya alipomwona Shangazi kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa anagombezwa na mtu wa umri wa binti yake.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mwanamume huyu mpya alikuwa ameripoti kazini na barua mfukoni, amevaa suruali aliyoipiga pasi mara mbili ili wasije wakamdhania hajui kazi. Mlangoni alimkuta sista wa wodi ya upasuaji ameinua foronya yenye alama ya pasi katikati, ya kahawia, umbo kamili mpaka ncha.

"Hii kazi ya nani?" sista aliuliza.

"Yangu," alijibu mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa mpira kisogoni. "Simu iliita, nikaiangalia. Pasi ikabaki hapo."

Sista alikuwa amejiandaa. Ilionekana wazi ana maneno ya kumtosha robo saa. Akaigeuza foronya, akaitazama kana kwamba itamsaidia.

"Basi uwe unaangalia, Shangazi," akasema, akaondoka zake.

Mwanamume yule akajiambia kwamba mama huyu ama hana akili timamu, ama ana ndugu yake kwenye ofisi za juu.

Ndugu hakuwa naye. Alikuwa mjane, binti yake mmoja kaolewa mbali, na kazi ile alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa. Kila mtu alimwita Shangazi, hata mkuu wa kitengo aliyemzidi umri kwa miaka minne. Chakula cha mchana alikula amesimama, kwa maelezo kwamba akikaa hainuki tena. Yule mpya walimwita Mgeni siku ile ile, na jina hilo halikumtoka tena.

Wafanyakazi walikuwa watano. Kila mmoja alichukua mzigo wa wodi yoyote uliofika. Alifua, akapiga pasi, akakunja, akafunga mashuka kumi kumi kuwa bunda moja. Kwenye pembe ya bunda alishona uzi wa rangi yake, ili wodi ikipata kazi mbovu ijue pa kupeleka kilio. Uzi wa Shangazi ulikuwa wa kijani.

Aliyemfundisha Mgeni kazi alikuwa jirani yake wa mashine, mtu mwembamba mwenye maneno mengi aliyeitwa Povu. Siku mbili alimfundisha kufua. Siku ya tatu alimfundisha kazi yenyewe.

"Bunda zuri, unashona uzi," alisema Povu. "Bunda baya..." Akapuliza kiganja. "Uzi umedondoka njiani. Vigari hivi vinatikisa mno, kaka."

"Na Shangazi je?"

Povu aligeuka kwanza akautazama mlango. "Huyo anashona kote. Hata kwenye lililoungua! Kama mtu anayejiandikia barua ya kufukuzwa. Lakini haya hatuyasemi mbele yake, umesikia? Tunaona haya."

Mgeni akasubiri kusikia mawaidha ya Shangazi. Wiki ikapita, mawaidha hayakuja. Shangazi aliongelea miguu yake inayovimba, redio ya jirani yake, na sabuni ya siku hizi ambayo haitoi hata doa la chai. Bunda lake likiharibika, alivuta sindano, akashona uzi wa kijani, akaendelea na habari za redio. Kesho yake mtu wa wodi alikuja, akagomba sentensi mbili, akaondoka.

Wale ambao mabunda yao yalidondosha uzi hawakupata sentensi mbili. Mkuu aliwasimamisha wote nusu siku, akauliza mmoja mmoja, mashine zimezimwa, maji ya moto yanapoa. Mwezi wa pili dada mmoja wa mashine ya mwisho alishona uzi wake kwenye bunda lenye shuka lililochanika. Alipoulizwa na Povu amepatwa na nini, alisema amechoka kusimama.

Mgeni hakuwa mtu wa kutangulia jambo. Alikuwa mtu ambaye akikanyagwa mguu, anaomba radhi yeye. Tena alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, na barua ya kumwajiri moja kwa moja au kumwachisha kazi ilikuwa itoke Ijumaa. Mkewe alikwisha kuwaambia dada zake kwamba mumewe kaajiriwa. Alisema anatanguliza habari tu.

Jumanne ya wiki hiyo hiyo, Mgeni alipakia mashuka arobaini ya wodi ya upasuaji bila kuyakung'uta. Kukung'uta ndiyo sheria ya kwanza ya chumba kile, maana wagonjwa husahau vitu vyao ndani ya mashuka. Yeye alikuwa amekwisha kukung'uta mia na kitu tangu asubuhi, mabega yanamuuma, akasema moyoni kwamba haya yanaonekana hayana kitu.

Yalikuwa na sweta jekundu.

Alifua tena kwa dawa ya kung'arisha. Akafua mara ya tatu. Mashuka yakatoka safi, yananukia vizuri, yana rangi ya waridi.

Aliyapiga pasi, akayafunga mabunda manne, akakaa na sindano mkononi. Alifikiria barua, akafikiria dada za mkewe. Kuacha kushona kulikuwa rahisi kuliko kitu chochote alichowahi kufanya mle ndani. Lakini miezi karibu mitatu alikuwa amemtazama yule mama akishona bila hata kupunguza sauti ya mazungumzo, na mkono wake mwenyewe ulikuwa umezoea hivyo. Akashona yote manne. Kilichomfariji ni kwamba uzi unamsemea mtu. Yeye hatahitaji kufungua mdomo. Uzi wake, kwa kuwa alifika mwisho na rangi za maana zilikwisha kuchukuliwa, ulikuwa wa waridi.

Asubuhi sista wa upasuaji aliingia na kigari kizima, mkuu wa kitengo nyuma yake.

"Mabunda manne," sista alisema, "na hakuna uzi hata mmoja!"

Mkuu hakuuliza mmoja mmoja. Alikwenda moja kwa moja kwa Povu. "Nilikuonya mara mbili. Kusanya vitu vyako."

"Bosi, haki ya Mungu, safari hii si mimi!"

"Safari hii?" mkuu aliuliza.

Povu akaanza kuokota vitu vyake. Shangazi hakuwepo, alikuwa amepeleka foronya wodi ya watoto. Hakukuwa na mtu mle ndani ambaye Mgeni angemwonea haya kunyamaza. Alisubiri kidogo, labda mtu mwingine atauona uzi. Hakuna aliyeuona.

"Upo," alisema.

"Sema kwa sauti, wewe. Nini kipo?"

"Uzi. Upo pembeni hapo. Ni wa pinki."

Sista akasogeza bunda karibu na macho, akapapasa kwa kidole. "Kumbe!"

"Ni wangu," alisema Mgeni. "Kulikuwa na sweta. Sikukung'uta."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema mbele ya mkuu. Povu alikaa juu ya ndoo kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Ijumaa barua ilitoka. Majaribio yameongezwa miezi mitatu. Mashuka arobaini yalipelekwa wodi ya macho, kwa hoja kwamba wengi kule wamefungwa bandeji.

"Barua inasemaje?" mkewe aliuliza.

"Wameniongeza."

"Cheo?"

"Muda."

Mkewe akampakulia mboga. Kesho yake aliwaambia dada zake kwamba mumewe kaongezewa mkataba.

Tangu wiki ile Povu alishona uzi wake wa njano kwenye kila bunda, zuri na baya, akilalamika kwa sauti. Wengine wakafuata bila kutangaza. Vigari viliendelea kutikisika vilevile, lakini nyuzi ziliacha kudondoka.

Miezi mitatu ilipokwisha Mgeni aliajiriwa. Mwezi huo huo Shangazi alistaafu mapema, miguu imemshinda, na Mgeni akakaa siku tatu akipanga maneno. Alimkuta mlangoni, begi begani.

"Shangazi, nina neno."

"Sema, mwanangu, gari linanisubiri."

"Siku ile ya mashuka ya pinki, niliweza kusema kwa sababu yako." Alisema haraka ili yasikwame. "Wewe peke yako ulikuwa unashona uzi kwenye mabunda mabaya. Sisi tulikuwa tunaacha, tunasema umedondoka njiani. Tulipokuona wewe ndipo tukaona aibu."

Shangazi alishusha begi chini. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa. Alimtazama Mgeni, akamtazama Povu aliyejifanya anahesabu vibanio, akavitazama vigari vyote vitatu.

"Kumbe mtu alikuwa anaweza kuacha?" alisema. "Miaka kumi na tisa! Na hakuna hata mmoja wenu aliyeninong'oneza?"