Kamongo na Mchumba wa Mjukuu Wangu

Kijana wa watu alikuwa na pua ya marehemu mume wangu. Niliiona siku ileile mjukuu wangu alipomleta kwangu Muleba kumtambulisha, na moyo haukutulia tena. Nikamuuliza ukoo wake. Akautaja mwingine, si wetu, lakini kwa kusitasita, anatazama viatu. Nikamuuliza mziro wao, yaani kitu ambacho ukoo wao hawali. Akacheka.

"Bibi, mimi nimekulia Mwanza. Hayo sikufundishwa."

Mwanamume mzima hajui asichokula! Kwetu Wahaya watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana, na ndugu hawaoani. Mjukuu huyu ni mtoto wa mwanangu wa kiume, nimemlea kwa mikono yangu, na leo ni daktari Bukoba mjini. Akipita, watu wanasimama kumsalimu. Nisingemwacha aolewe na kaka yake eti kwa sababu kaka yake ana meno mazuri.

Nikashuka mpaka Hamugembe, kwenye nyumba aliyopanga mjukuu wangu. Jirani yake ni mama wa Kiislamu, mpishi hasa. Nikamwomba apike kamongo, yule samaki wa kwenye matope, mrefu kama nyoka. Ukoo wa mume wangu hawamli, hata sufuria iliyompika hawaigusi. Kijana tukamwita aje kula huko kwa jirani.

"Mtu mzima wewe, unamtega mtoto wa wenzio kama panya," jirani akasema huku anakata vitunguu.

"Pika tu, shoga. Kama hana la kuficha, atakula."

Kijana akaja, akanawa, akafunua bakuli. Akalisukuma pembeni.

"Samahani mama, huyu samaki mimi sili."

Nikapiga makofi. "Umejitaja mwenyewe!"

Hakuelewa, maskini. Mjukuu wangu alipofika kutoka kazini nikampokea mlangoni na hukumu yangu. Watu wa ukoo wetu hawali kamongo. Huyu hali kamongo. Basi huyu ni wa ukoo wetu, na habari ya ndoa imekwisha.

Hakulia. Aliweka mkoba chini, akakaa. "Bibi, mwenye malaria anapata homa?"

"Anapata."

"Basi kila mwenye homa nimpe dawa ya malaria?"

"Utaua watu!"

"Ndicho ulichokifanya sasa hivi."

Jirani naye akadakia, bila kuombwa: "Mimi nguruwe sili. Yule Msabato anayeuza maziwa Miembeni naye hali. Basi mimi na yeye tunaswali pamoja?" Akacheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Mjukuu wangu akasema hiyo inaitwa mantiki, ni ileile hospitalini, ileile mahakamani, ileile kwenye hesabu. Nikamwangalia kwa jicho la pembeni. Neno linalofanya kazi kila mahali mimi siliamini, kama dawa ya mnadani inayotibu jino na ugumba. Tena msichana mwenye mchumba anaweza kujitungia hesabu inayomfaa.

Lakini nikamkumbuka mume wangu alipokuwa mzee wa baraza. Waliletewa kijana aliyeshukiwa kuiba mkungu wa ndizi, ushahidi ni utomvu mikononi. Mume wangu akawaambia wote waliokuwepo wanyooshe mikono. Nani huku kwetu hana utomvu? Kijana akaenda zake. Na huyo mume wangu daktari hakuwa.

"Sawa," nikamwambia mjukuu wangu. "Kutokula hakujanionyesha kwamba ni wetu. Wala hakujanionyesha kwamba si wetu."

"Ni kweli, Bibi. Ila kama ndugu yake wa damu angemla, hilo lingekuwa jibu."

Kijana akasema ana shangazi Rubafu, dada wa baba yake. Kesho yake nikapanda bodaboda, kamongo mwingine kafungwa vizuri na jirani, nimemshika mbali na nguo zangu. Sikumwambia shangazi kilichonileta. Nilisema napita tu kuwajua watu wangu wapya, nimeleta kitoweo. Akanipa kahawa ya kutafuna, akampika kamongo, akamla peke yake huku analamba vidole. Mimi nikasingizia tumbo.

Bado sikuridhika. Huku wanasema anayekula mziro wake ngozi hutoka mabaka, basi nikaomba kulala. Asubuhi nikamvuta juani, nikajifanya nasifu shanga zake, nikakagua shingo na mikono yote miwili.

"Mama, unanitafuta chawa?"

Ngozi ilikuwa safi. Nikamuuliza kama yeye na baba wa kijana ni wa baba mmoja kweli.

"Baba mmoja, mama mmoja. Kwa nini?"

"Na mbona mtoto wenu kamongo hali?"

Akacheka sana. "Alipokuwa mdogo alimwona mmoja akitoka kwenye beseni, anatambaa kumfuata. Mpaka leo anamwogopa."

Basi. Mtu wa ukoo wetu hali kamongo, na damu ya kijana imemla mbele ya macho yangu. Nilitafuta pa kuponyokea, sikupaona. Nikampigia simu mjukuu wangu palepale uani.

"Waambie waje kuposa," nikasema. "Na rubisi, hiyo pombe ya ndizi watakayoleta, wao waionje kwanza."

Ndipo akalia, daktari mzima, na wagonjwa wanamsikia.